Nataka kupeleka kidato cha tatu kwenye maabara ya utafiti wa malaria, wakifika kule wafanye nini hasa?

Ticha_Bios:

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa baiolojia shule ya kata huku mkoa wa Morogoro. Masaa mawili na kitu kwa basi kutoka shuleni kwetu kuna kituo cha utafiti, wanashughulika na malaria na mbu, na kuna mdau kanihakikishia kwamba huwa wanapokea shule zikiomba vizuri. Nataka nipeleke vijana wangu kabla muhula haujaisha.

Usafiri sio tatizo sana, wazazi wameonyesha nia ya kuchangia. Tatizo ni kwamba kila nikimfuata mkuu wa shule ananiuliza kitu kimoja tu, wakifika kule watafanya nini? Na kiukweli ni swali la haki kabisa, sina jibu la kumridhisha. Safari za namna hii nimeziona, watoto wanapangwa mstari, wanapitishwa koridoni, mtu wa koti jeupe anataja majina ya mashine moja baada ya nyingine, watoto wanaitikia ndiyo, picha ya pamoja getini, safari ya kurudi. Kesho yake ukiuliza mmejifunza nini wanakwambia kule ndani kulikuwa na baridi.

Huku shuleni tuna hadubini mbili na moja lenzi zake zimeota ukungu, darasa lina wanafunzi 70. Plasmodium, kimelea cha malaria, wanaijua kwa mchoro wa ubaoni. Sasa kuna binti mmoja juzi aliniuliza, mwalimu, hao waliogundua kwamba malaria inaletwa na mbu walijuaje? Nikamwambia habari za Ronald Ross kule India mwaka 1897, akasema hapana mwalimu, namaanisha aliangalia kitu gani mpaka akajua. Hilo swali ndilo linalonisukuma mpaka nimekuja humu.

Mwenye uzoefu wa kupeleka au kupokea wanafunzi naomba anisaidie, barua naanza kwa nani, nipeleke wangapi, na kubwa kuliko yote niombe wafanyishwe kitu gani.

Giemsa10:

Ticha, kwanza huyo binti usimwache hata kidogo. Mimi nafanya kazi labu ya utafiti miaka mingi sasa, sitaji wapi, na shule zikija mara nyingi napangiwa mimi kukaa nazo, kwa hiyo nakueleza kama mpokeaji.

Barua aandike mkuu wa shule kwenda kwa mkurugenzi wa kituo, nakala kwa Afisa Elimu Sekondari wa wilaya maana ruhusa ya kutoa wanafunzi nje ya shule lazima ipite kwake. Ila barua nyingi tunazopokea zinasema "tunaomba kuja kujifunza" basi, hakuna kingine. Ukiandika hivyo utapewa mtu yeyote mwenye nafasi siku hiyo na mtapitishwa koridoni kama ulivyosema. Andika unachotaka. Wanafunzi 24, makundi matatu, kila kundi lipite kwenye meza tatu za kazi: kusoma slaidi ya damu, kutambua mbu, kupasua mbu. Barua ya hivyo inakwenda moja kwa moja kwa mtu wa idara inayohusika na anajua aandae nini. Zaidi ya 30 msije, chumba cha hadubini hakitawatosha na wa nyuma wataanza kuchezea simu.

Nikueleze hiyo ya slaidi maana ndiyo naipenda. Kwenye kioo kimoja tunaweka tone nene na tone jembamba. Jembamba tunaligandisha kwa methanoli, nene tunaliacha hivyo hivyo ili chembe nyekundu zipasuke na vimelea vionekane kwa wingi. Kisha rangi ya Giemsa, tukiwa na haraka tunatumia ya asilimia 10 kwa dakika 10 hadi 15, tunasuuza kwa maji taratibu, tunaacha ikauke. Tone la mafuta juu, lenzi ya 100. Mtoto akichungulia mara ya kwanza haoni kitu, anaona zambarau tupu, na mwalimu wake anakuwa na haraka ya kumwonyesha. Muache. Mwambie atafute kwanza chembe nyeupe, zile zenye kiini kikubwa cha rangi iliyokolea, akishazizoea ahamie kwenye tone jembamba atafute ndani ya chembe nyekundu kitu kidogo cha bluu chenye nukta nyekundu, kinafanana na pete yenye kito. Akishaipata moja ataanza kuziona nyingine mwenyewe bila msaada wako.

Halafu wape kazi ya kuhesabu. Kwenye tone nene unahesabu vimelea huku unahesabu chembe nyeupe mpaka zifike 200, ile idadi ya vimelea unazidisha kwa 8,000 unagawanya kwa 200, kwa sababu tunakadiria mikrolita moja ya damu ina chembe nyeupe 8,000. Ukipata vimelea 150 maana yake ni 6,000 kwa mikrolita. Sasa waweke watoto watatu, slaidi moja, kila mmoja ahesabu peke yake asimwambie mwenzake. Watakuja na namba tatu tofauti na hapo ndipo utasikia kelele, nani kakosea, kwa nini tumepishana, ipi tuandike. Hata sisi kazini slaidi ya utafiti inasomwa na watu wawili bila kuonana majibu, wakipishana sana anaitwa wa tatu. Mwanafunzi aliyepita hapo huhitaji kumhubiria kwa nini tunarudia vipimo.

Na swali la binti yako linajibiwa na meza ya kupasua mbu. Ross alimlisha mbu kwa mgonjwa wa malaria, akamuacha siku kadhaa, akampasua, na kwenye ukuta wa tumbo la mbu akakuta chembe zina punje za rangi nyeusi, zile zile zilizokuwa zinajulikana kutoka kwenye vimelea vya damu ya mtu. Agosti 1897, Secunderabad. Mbu wa kufugwa labu hana maambukizi, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kumpasua mwenyewe kwa sindano mbili na tone la maji ya chumvi chini ya hadubini, anavuta mkia taratibu na tumbo linatoka. Binti aone tumbo la mbu kwa macho yake, atajua Ross alikuwa anaangalia wapi.

Mstaafu_Kemia:

Vijana wangu hamjambo. Nimefundisha kemia karibu maisha yangu yote ya kazi, sasa nipo nyumbani, na hili jambo nina wasiwasi nalo niseme wazi.

Mwalimu una wanafunzi 70, Giemsa anakwambia peleka 24. Hao 24 utawapataje? Najua utawapataje, utachukua kumi bora na waliokaribu nao, wale wale wanaokwenda kwenye midahalo, wale wale wanaopewa zawadi siku ya mahafali. Waliobaki 46 watakaa darasani siku nzima wakijua kwamba sayansi ni ya wenzao. Hilo linaumiza zaidi ya kutokwenda kabisa, nimeliona kwa macho.

Pili ni pesa. Nauli ya basi, chakula, mafuta, posho ya walimu wawili, hiyo hela ikija shuleni inanunua vioo vya slaidi, spiriti, rangi, labda hata kutengeneza ile hadubini yenye ukungu, na vitu hivyo vinatumika na madarasa ya miaka inayokuja. Safari inaisha jioni. Mimi nasema mlete mtafiti shuleni, mtu mmoja na boksi lake, akae na darasa zima vipindi viwili. Sipingi watoto kuona maabara, napinga kuona peke yake.

Bahari_Kilifi:

Shikamoo mzee wangu, na hodi hodi humu kutoka pwani ya Kenya.

Huku Kilifi tuna hicho kitu kwa hivyo niwaeleze tunavyokiona sisi wenyeji. KEMRI, taasisi ya serikali ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, wako hapa tangu 1989, pale pale kwenye eneo la hospitali ya kaunti. Kazi nyingi za malaria zimefanyika hapa, ile chanjo ya RTS,S iliyopitishwa na WHO Oktoba 2021 watoto wa Kilifi walikuwa kwenye majaribio yake, sawa na wa Bagamoyo na Korogwe huko kwenu. Sasa mahali ambapo watafiti wanakuja nyumbani kwa watu, wanaandika majina ya kila aliyezaliwa na aliyekufa, wanachukua damu ya watoto, maneno hayakosi. Tumekua tukisikia kwamba damu inauzwa, kwamba kuna mambo ya giza pale ndani. Mzazi anasikia hayo sokoni na hana mtu wa kumuuliza.

Ndio maana mpango wao wa shule mimi naona ni zaidi ya kutafuta madaktari wa kesho. Wanafunzi wanaingia labu, na watafiti nao wanatoka wanaenda mashuleni, kwa hivyo mzee yote mawili yanawezekana pamoja. Kuna pia mpango wa intaneti ambapo darasa linakaa kwenye kompyuta linachati na watafiti moja kwa moja, wanauliza chochote, mwisho wanampigia kura mtafiti waliyemkubali. Hapo hakuna kumi bora, yule mnyamavu wa dawati la nyuma ambaye hajawahi kuinua mkono ndiye anaandika maswali mpaka muda unaisha. Na hawaulizi sayansi tu, wanauliza unalipwa ngapi, ulifeli somo gani, una watoto, mbona ulichagua kazi hii.

Swali ambalo watoto hawachoki kuuliza ni kama mbu anaweza kuambukiza Ukimwi. Wakubwa tunawaambia hapana halafu basi. Mtafiti anakaa chini anaeleza kwamba kimelea cha malaria kinapita tumbo la mbu, kinazaliana, kinafika kwenye tezi za mate, ndio kinatoka kwa mate akimuuma mtu mwingine, lakini kirusi cha Ukimwi kikifika tumboni kwa mbu kinasagwa kama chakula, hakina njia ya kufika kwenye mate. Mtoto akirudi nyumbani na jibu lenye sababu namna hiyo, anaweza kumueleza nyanya yake na nyanya akaelewa.

Mimi mwenyewe nimepita pale baada ya KCSE, wanachukua waliomaliza kidato cha nne kutoka shule za hapa kaunti wanawaweka kwenye idara kwa miezi kadhaa kabla ya kwenda chuo. Nilidhani nitavalishwa koti jeupe, nikapelekwa kwa watu wa data. Kazi yangu ilikuwa kulinganisha fomu ya karatasi na kilichoingizwa kwenye kompyuta, uzito wa mtoto umeandikwa kilo 12 kule na 21 huku, tafuta ipi sahihi, rudi kwa fildiwaka muulize. Na kila wiki kulikuwa na mkutano, mtu na digrii zake anasimama na grafu yake, wenzake wanamuuliza maswali makali mpaka unamuonea huruma, kisha wanaenda kunywa chai pamoja kama ndugu. Sikuwa nimewahi kuona wakubwa wakiambiana "hapo sijashawishika" bila mtu kununa. Leo niko kwenye takwimu na ni kwa sababu ya zile fomu.

Mwalimu, kuhusu kuchagua nani aende, usiangalie ripoti ya mtihani. Waambie wote 70 kila mmoja aandike swali moja analotaka kumuuliza mtafiti, bila jina, soma maswali uchague maswali, ndio utafute wenyewe.

Fizikia_Illinois:

Mzee Mstaafu heshima yako, na wakuu wote. Mimi ni Mtanzania nafundisha fizikia sekondari jimbo la Illinois, Marekani, sio mbali na Fermilab, maabara kubwa ya fizikia ya chembe pale Batavia. Naongeza kitu kimoja tu ambacho naona hakijaguswa, ni mwalimu.

Fermilab walianza darasa la Jumamosi asubuhi kwa wanafunzi wa sekondari mwaka 1980, aliyelianzisha ni Leon Lederman mwenyewe akiwa mkurugenzi, baadaye 1988 akapata Nobel. Mkurugenzi wa maabara kubwa namna ile anaacha wikendi yake anafundisha vijana wa miaka 16. Lakini wakaona mwanafunzi ni mmoja na anaondoka, mwalimu anabaki na kila mwaka anapata darasa jipya. Kwa hiyo kuanzia miaka ya 90 kuna mpango wa QuarkNet ambao walengwa wakubwa ni walimu. Mwalimu anakaa na watafiti likizo ya kiangazi, anafanya kazi na data halisi, na anaweza kurudi shuleni na kifaa cha kunasa muoni, zile chembe zinazozaliwa angani juu kabisa miale ya kosmiki ikigonga hewa na zinatupita sisi wote muda huu tunapoandika, kama moja kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika. Wanafunzi wangu wanahesabu muoni, wanaweka kifaa ghorofa ya chini, wanapeleka juu, wanalinganisha, wanapakia data zinaonwa na shule nyingine. CERN, maabara kama hiyo ya Ulaya, nao tangu 1998 wana programu ya walimu wa sekondari kutoka nchi mbalimbali, kwa mantiki hiyo hiyo. Afrika kuna African School of Physics tangu 2010, inazunguka nchi kwa nchi, 2016 ilikuwa Kigali, na huwa wanatenga muda kwa walimu na wanafunzi wa sekondari wa mahali walipofikia.

Kwa hiyo Ticha ushauri wangu, kabla ya basi nenda wewe peke yako siku moja. Omba ukae kwenye hizo meza tatu kama mwanafunzi, hesabu vimelea, pasua mbu. Na kwenye barua muombe boksi la slaidi zilizokwisha pakwa rangi ubaki nalo shuleni, slaidi zikitunzwa vizuri gizani zinadumu muda mrefu. Hapo nadhani hata mzee atakubali safari.

Ticha_Bios:

Wakuu nimesoma kila neno, na mengine nimemsomea mkuu wa shule ofisini leo asubuhi, amebaki anatikisa kichwa. Mzee Mstaafu shikamoo, hoja ya 46 imenikaa sana, sitaki kuwa mwalimu wa hivyo. Maswali nimeshayakusanya leo hii hii kwa njia ya Bahari, karatasi 70, na kuna moja limeandikwa kwa Kiswahili kizuri sana linasema "kwa nini bibi yangu haugui malaria lakini mdogo wangu analazwa kila mvua zikianza". Sijui ni la nani ila nitamtafuta.

Imebaki hivi. Nataka darasa zima liwe na kazi yake hapa shuleni kabla ya safari, ili wale 24 wakienda wanakwenda kwa niaba ya wenzao, wamebeba kitu. Giemsa kuna kitu cha bei ndogo kinachofaa? Na je lugha? Mtafiti akianza Kiingereza vijana wangu wanakauka.

Mstaafu_Kemia:

Sasa hapo mwalimu tunaelewana. Hilo swali la bibi na mdogo wake peke yake ni kipindi kizima cha kinga ya mwili. Mtoto huyo aende hata kama anafeli hesabu.

Giemsa10:

Ticha kazi ipo na haina gharama, viluwiluwi. Masika hii kila mtaa una madimbwi. Gawa darasa makundi kwa mitaa wanakotoka, kila kundi liwe na kata ya kuchotea, bakuli jeupe, daftari. Wachote mara kumi kila dimbwi, wahesabu. Kutofautisha ni kwa macho tu: kiluwiluwi cha Anofelesi, mbu wa malaria, kinalala sambamba na uso wa maji maana hakina bomba la kupumulia, wa mbu wengine, Kuleksi na Aedesi, wananing'inia kichwa chini na bomba la mkiani limegusa juu. Waandike dimbwi liko juani au kivulini, maji ni ya mvua au ya kudumu, kuna majani pembeni, kuna alama za kwato. Anofelesi wa jamii ya gambiae wanapenda vidimbwi vidogo vyenye jua, hata maji ya kwenye unyayo wa ng'ombe, Anofelesi wa jamii ya funestus wanapenda maji yanayokaa muda mrefu yenye majani. Vijana waone wenyewe kama kwenu iko hivyo.

Mkitaka kuwafuga darasani muwaone wanavyobadilika, chupa ya plastiki iliyofungwa chandarua juu, kwa joto la huku kutoka yai mpaka mbu ni kama wiki moja hadi mbili. Wakifika hatua ya pupa, wale wanaojikunja hawali tena, mwaga maji ya moto siku hiyo hiyo. Usiruhusu hata mmoja aruke, na waambie watoto kwa nini.

Hizo namba zichorwe jedwali moja la darasa, madimbwi yote ya mitaa yote, na hao 24 waje nalo. Nakuhakikishia mtu wa idara ya mbu akiwekewa mezani data za viluwiluwi za kijiji ambacho hajawahi kufika atasahau hotuba aliyoandaa, ataanza kuuliza yeye, dimbwi hili liko wapi, mlichota saa ngapi, na wanafunzi ndio watakuwa wanamjibu.

Lugha andika kwenye barua kabisa kwamba mnaomba maelezo kwa Kiswahili. Hakuna atakayekataa, sisi wenyewe kwenye benchi tunaongea Kiswahili siku nzima, Kiingereza kinakuja kwenye kuandika ripoti. Maneno ya mtihani kama sporozoiti na gametosaiti utayarudia wewe darasani.

Mengine madogo madogo: viatu vya kufunika vidole, nywele ndefu zifungwe, hakuna kula wala kutafuna bazoka ndani, fomu ya ruhusa ya mzazi kwa kila mtoto na kwenye fomu hiyo hiyo mzazi aseme kama anakubali mtoto apigwe picha. Vyumba vya sampuli za wagonjwa hawataingia na wasiahidiwe. Barua itangulie angalau wiki sita, ukishapata rasimu nirushie inboksi niipitie kabla mkuu hajaweka muhuri.